Siku Tuliyopeleka Maji Ruiru

Nyinyi mnaobeba maziwa kwa pikipiki, hebu zimeni hiyo redio kwanza. Sitawachelewesha. Najua hoteli zinafungua mapema na mnywa chai hana subira, kazi hiyo nimeifanya tangu baba zenu hawajaota ndevu. Mimi ni Saidi, Baba Zuhura, wa Majengo, hapa Thika. Kwa miaka mingi nilibeba maziwa kwa ile baiskeli nyeusi nzito, Black Mamba, kutoka mashamba ya upande wa Juja mpaka hoteli za mjini. Sasa magoti yamegoma. Kila asubuhi nakaa barazani, nawaona mkipita mbio na mitungi imefungwa ovyo ovyo, roho inanitoka.

Juzi mmoja wenu aliniita babu kwa Kikuyu akaniuliza, "Guka, ati ni kweli mliwahi kupeleka maji Ruiru kwa baiskeli? Kwani Ruiru hakuna mto?" Akacheka mpaka akashika tumbo. Ndiyo, tulipeleka. Tulipeleka mara tatu kwa siku moja, na kila mara tukarudi nayo. Na kwa sababu ya hayo maji kuna mama aliyerudi kazini kwake wakati watu walikuwa wameshamzika kwa midomo yao. Hakufa, nawaambia mapema ili mnywe chai yenu kwa raha.

Lakini kwanza mjue maziwa, maana naona mnayabeba tu bila kuyajua.

Maziwa yakitikiswa sana yanatoa siagi. Wiki yangu ya kwanza kazini nilitaka kuonyesha dunia kwamba kijana wa Majengo ana miguu. Nilitoka shambani nikakanyaga pedali kama mtu aliyeiba, nikawapita wote, nikafika hotelini natokwa jasho na meno yote nje. Mwenye hoteli akafungua mtungi, akachungulia, akaingiza kijiko, akatoa donge. Akanitazama kwa huruma. "Kijana, mimi niliagiza maziwa," akasema. "Hii mkate wake uko wapi?" Wateja walinicheka hadi nikatokea mlango wa jikoni.

Aliyeniokoa ni Mzee Gitau wa Kamenu, mbebaji wa zamani aliyekuwa na maneno machache na matusi mengi. Kila somo alilianza hivyo hivyo: "Wewe ni mjinga." Ukishakubali hilo, anaendelea. Alinifundisha kuacha nafasi kidogo chini ya kifuniko, vidole viwili hivi, halafu nisikilize. Ukiendesha kwa mwendo mzuri, maziwa yanaenda chini kwa chini, taratibu, kama mtoto anayemeza uji. Ukizidisha mbio yanaanza kugonga kifuniko, na hapo unapunguza. Ukipanda mlima yakanyamaza kabisa, ujue miguu imeisha nguvu ila kichwa hakijapata habari. Shuka, sukuma. Gitau hakuwahi kumiliki saa, na hakuwahi kufika amechoka wala amechelewa. Baada ya mwaka mmoja nilikuwa siwezi kuendesha bila ule mlio, ingawa sikujua kwamba siwezi.

Sasa huyo mama. Jina lake Wambui, lakini sisi sote tulimwita Mama Njoki. Mumewe alikuwa mmoja wetu, akafariki, na kabla ya matanga kupoa yeye akachukua baiskeli ya marehemu na hoteli alizokuwa akizipelekea maziwa. Miaka hiyo ya tisini mwanamke juu ya Black Mamba, suruali ndani ya gauni, mtungi nyuma, alikuwa sinema. Watu walitoka dukani kumtazama. Yeye hakuwa na habari nao. Alikuwa mkali, mbishi, na alikuwa na tabia moja mbaya sana: foleni ya maziwa shambani alikuwa haiheshimu. Anakuja wa mwisho, anasukuma baiskeli hadi mbele kabisa, na ukisema kitu anakuuliza kama mama yako anajua umeamka. Kila asubuhi ilikuwa kelele, na tuliipenda ile kelele bila kukubali.

Akapata uvimbe kwenye titi. Siku hizo neno saratani halikutamkwa, watu walisema "ule ugonjwa" na kutazama chini. Alipelekwa hospitali kubwa Nairobi, wakamfanyia upasuaji, akakaa nyumbani miezi mingi. Shemeji yake Kamau, mdogo wa marehemu, akazishika zile hoteli zake asizipoteze. Nataka muelewe, Kamau hakuwa mtu mbaya. Alimpelekea unga, alilipia watoto shule. Lakini alishaamua moyoni kwamba shemeji yake amemaliza kazi ya dunia, na sisi sote, nisidanganye, tulikuwa tumeamua hivyo hivyo.

Mnajua mtu anavyozikwa angali hai? Anaanza kuongeleshwa taratibu. Mama Njoki alipokuja shambani kutusalimia, tulimpisha. Tulimletea kiti. Vijana waliokuwa wakimtukana kila siku walisema, "Shikamoo mama, pole mama, pumzika mama." Alitutazama mmoja mmoja. Halafu akamwambia Kamau anataka hoteli zake.

"Shemeji, pumzika tu," Kamau akasema kwa sauti ile ya hospitalini. "Mimi nitakuangalia."

"Walikata titi, Kamau. Hawakukata miguu."

Akapanda baiskeli akaenda zake, na nilimwona mbele kidogo amesimama kando ya barabara ameegemea usukani. Iliniuma, lakini sikumfuata.

Muda si mrefu tukasikia habari za mbio za baiskeli. Daktari mmoja kijana, mwanamke, tumwite Daktari Akinyi, alizunguka makanisani na msikitini kwetu na kwenye viwanda akitangaza siku ya baiskeli ya kuchangia utafiti wa saratani. Alieleza vizuri. Alisema ugonjwa huu bado haujajulikana wote, kuna watu kazi yao ni kuuchunguza, na uchunguzi unahitaji fedha, ili mabinti zetu wakiupata waugundue mapema na wasikatwe kama mama zao walivyokatwa. Safari ni Thika hadi Ruiru na kurudi, mara tatu, kuanzia alfajiri mpaka kabla jua halijazama. Watu wangemchangia mwendeshaji anayemaliza. Wa kwanza kujiandikisha Thika nzima alikuwa Mama Njoki.

Alikuja shambani kututangazia. Alisimama mbele ya foleni na kumwelekea Kamau. "Nikimaliza, Jumatatu yake nachukua hoteli zangu. Nisipomaliza, hoteli ni zako, na hii baiskeli pia ni yako, sitakusumbua tena. Mko mashahidi." Kamau akakubali haraka, kwa upole, kwa sababu aliamini hatafika hata Juja. Mimi pia niliamini hivyo. Ndiyo maana nilijiandikisha, ili siku akianguka awepo mtu anayemjua wa kumwinua. Vijana wawili wa foleni yetu nao wakaingia.

Majengo nayo ina midomo, na mtu na mjane kwenda mazoezini Juja pamoja si habari ndogo. Nikamweleza mke wangu Mwanaisha kabla hajaelezwa na majirani. Hakuinua hata macho kutoka kwa viazi alivyokuwa anamenya. "Nenda," akasema. "Mwanamke akipanda mlima wa Ndarugo na baiskeli ile hana pumzi ya mambo yenu." Ndiyo baraka niliyopewa.

Daktari Akinyi akaniita pembeni, akanipa masharti. Mkono wa kushoto wa Mama Njoki, upande uliokatwa, ungeweza kuvimba. Asibebe kizito kwa mkono huo, asiulalie. Nikapandisha usukani ili akae wima, nikashusha kiti kidogo, nikauviringisha mshiko wa kushoto kwa mpira wa tyubu kuukuu na kitambaa juu yake mpaka ukawa laini. Haya yashikeni, vijana: baiskeli inafuata mwili, mwili haufuati baiskeli. Ukiona mtu anaumwa mgongo, usimuuze dawa, mtazame kiti chake.

Halafu tukafanya ujinga mkubwa, na tuliufanya kwa pamoja na kwa furaha. Tulisema, hizi ni mbio, si maziwa. Tupunguze uzito. Tukavua mitungi, tukafungua keria, tukatoa mpaka pampu. Baiskeli zikawa uchi. Tukajiona mabingwa.

Asubuhi ya mazoezi ya kwanza tulitoka Thika kama mbuzi waliofunguliwa zizi. Ajabu ya kupendeza, mtu hahisi kitu nyuma yake. Tulicheka njia nzima, tunapitana, tunaitana majina. Tukateremka Ndarugo kwa kasi, tukaanza kupanda upande wa pili kwa kasi ile ile, na katikati ya mlima miguu yangu ikaondoka. Sisemi ilichoka, nasema iliondoka. Vijana wetu wawili walikuwa wamelala majanini. Mama Njoki alifika Juja kwa ubishi tu, akashuka, akatapika kando ya duka, akakaa chini na uso umekuwa rangi ya majivu.

Na nani akapita wakati huo na mtungi nyuma? Kamau, anatoka shambani. Akasimamisha baiskeli, akatazama. "Mnaona," akaniambia mimi, si yeye. "Baba Zuhura, wewe ni mtu mzima. Mnaua mtu." Akaenda zake bila haraka, maziwa yake yakienda nayo vizuri, na Mama Njoki akafunika uso kwa kitambaa cha kichwa akalia. Niliogopa sana siku ile. Nilijiona nimemsaidia mtu kuvunja kitu kidogo alichobaki nacho.

Tulimleta nyumbani kwangu, Mwanaisha akampa chai. Kisha Mama Njoki akasema, kama mtu anayeulizia kitu alichopoteza, "Baiskeli ilikuwa kimya."

"Vipi?"

"Ilikuwa kimya, Baba Zuhura. Nilikuwa sijui kama nakimbia ama natembea. Wewe ulikuwa unajua?"

Nikafikiri. Nilikuwa sijui. Hakuna hata mmoja wetu aliyejua. Miaka yote tulijiona tuna mwendo mzuri kumbe mwendo ulikuwa ndani ya mtungi, na sisi tumeuvua tukauacha nyumbani. Tulitazamana, Mwanaisha akaanza kucheka, na kicheko kikatushika wote mpaka Mama Njoki akamwaga chai.

Kesho yake tukarudisha keria, na kila mmoja akafunga mtungi mdogo. Maziwa ya kuchezea hatukuwa nayo, tukatia maji. Lakini maji si maziwa. Maji ni mepesi, yana kelele, yanagonga kifuniko kabla ya wakati. Tulijaribu kujaza sana, yakanyamaza. Tulijaribu nusu, yakayumba mpaka baiskeli ikataka kutuangusha. Kijana mmoja akashauri tutie uji, tukamwambia anyamaze. Mwishowe Mama Njoki ndiye aliyepata kipimo: nafasi pungufu kidogo kuliko ile tuliyoyaachia maziwa, na kipande cha kitambaa safi kikielea ndani kutuliza ule mlio. Akapanda, akazunguka mtaa mara moja, akarudi na uso ambao sikuuona tangu augue. "Sasa naisikia," akasema.

Basi tukafanya mazoezi hivyo. Tulimweka yeye mbele kwa sababu sikio lake lilikuwa bora kuliko letu. Wanafunzi wa Juja walitusimamia barabarani. "Niaje wazee, leo ni water project?" Tukawajibu kwamba ndiyo, ni mradi wa maji, Ruiru wana kiu. Tulijifunza kula kidogo kidogo, kiazi kitamu cha kuchemsha mfukoni, chai ya sukari nyingi kwenye chupa, na kutosubiri njaa ije yenyewe. Tulijifunza kupumzika kabla ya kuchoka, jambo gumu sana kwa mwanamume. Ruiru tukawa na kibaraza chetu cha kukaa, mwenye duka akatuzoea. Mara ya kwanza tulipofika Ruiru na kurudi bila mtu kutapika, nilimshukuru Mungu kwa sauti katikati ya barabara.

Siku yenyewe ilipofika, Jumamosi, walikuja waendeshaji kutoka Nairobi wenye baiskeli nyembamba kama fito na nguo za kubana. Walitazama mitungi yetu, wakauliza kwa adabu kama tunauza kitu. Hawakuwa na dharau, watu wazuri, na miguu yao ilikuwa imefundishwa. Walituacha pale pale Thika. Kila walipokutana nasi wakirudi walitupigia kengele, na mmoja alitupa machungwa. Sisi tukaendelea na mwendo wetu wa mtoto anayemeza uji. Safari ya kwanza ikaisha, ya pili ikaisha. Daktari Akinyi alikuwa akimtazama Mama Njoki mkono kila tulipofika Thika, anabonyeza, anatikisa kichwa kwamba sawa, nami napata nafuu ya kupumua.

Safari ya tatu, tukirudi, vijana wetu walikuwa mbele. Tumebaki mimi na yeye. Tumepita Juja, tumeteremka Ndarugo, tumeanza kupanda, na mtungi wake ukanyamaza. Akashuka bila kusema. Akasukuma. Nikaona mkono wa kushoto ameutoa kabisa kwenye usukani ameubana kifuani, anasukuma kwa mmoja, na baiskeli inamvuta upande. Jua lilikuwa limeshuka sana. Nikanyoosha mkono kushika keria yake.

"Usiguse, Baba Zuhura."

Nikauondoa mkono. Sijawahi kufanya jambo gumu kuliko lile la kutofanya kitu.

Juu kidogo pikapu ilikuwa imesimama imetuelekea, mlango wazi. Kamau alikuwa ameiazima kwa rafiki yake. Alikuja kutuchukua. Uso wake ulikuwa na huzuni ya kweli, hakuja kushangilia. "Ingia, shemeji," akasema kwa sauti ile ya chini. "Umefanya ya kutosha. Hakuna mtu atakucheka."

Mama Njoki alikuwa hana pumzi. Alisimama, nami nikafikiri basi, imeisha. Alimtazama Kamau, akatazama ile pikapu. "Kamau," akasema, "toa hiyo gari. Umeniziba njia."

Kamau hakusogea mara moja. Alimtazama mkono, alimtazama uso, nikaona kitu kikibadilika machoni mwake, kama mtu aliyekuwa anaongea na picha ya ukutani kisha ikamjibu. Akaingia garini, akairudisha nyuma polepole mpaka njia ikawa wazi. Mama Njoki akasukuma mpaka juu. Alipofika tambarare akapanda, na mtungi ukaanza tena kusema, nami nikaufuata huo mlio mpaka Thika. Tuliingia uwanja tulikoanzia jua likiwa limebakiza kidogo tu kuzama. Wale wa Nairobi walikuwa wamekaa majanini wanatusubiri, wakasimama wote kupiga makofi. Daktari alimkimbilia akamshika mkono, akaupima, akasema umechoka tu, hauna ubaya. Mimi niliweka baiskeli chini, nikakaa karibu nayo, nikalia mbele ya watu wote. Sikuona haya. Nilikuwa nimebeba hofu ile tangu siku ya kutapika, na ilipotoka ilitoka na machozi.

Jumapili tulilala. Jumatatu nilifika shambani mapema, nikakuta foleni imeshajaa, Kamau akiwa wa kwanza mlangoni na mtungi wake. Hatukuzungumza habari ya baiskeli. Kila mtu alikuwa akitazama barabara na kujifanya hatazami. Akaja, amechelewa, na suruali yake ndani ya gauni, na mtungi mkubwa wa kazi nyuma. Hakutusalimia. Akafanya alivyokuwa akifanya siku zote, akasukuma baiskeli moja kwa moja hadi mbele.

Tukapisha. Kimya, kwa adabu, kama kwenye mazishi, mmoja baada ya mwingine tukampisha mpaka akafika mlangoni. Niliona mabega yake yakishuka.

Kamau akageuka. "Wee mama," akasema, na sauti yake ilisikika mpaka zizini. "Unaenda wapi? Kwani sisi tumekuja hapa kuangalia ng'ombe? Foleni inaanzia kule nyuma. Rudi."

Mama Njoki akamkodolea macho. Akageuza baiskeli, akatembea foleni yote mpaka mwisho, akasimama nyuma yangu. Nikageuka taratibu. Alikuwa analia na anacheka, vyote kwa pamoja, kitambaa cha kichwa kimemlegea.

"Umesikia alivyoniambia?" akaninong'oneza.

"Nimesikia."

"Tangu nitoke hospitali," akasema, "hakuna mtu alikuwa amenigombeza."

Kamau alikuwa ameshapata maziwa yake na anafunga mtungi. Alipita karibu nasi akisukuma, hakusimama. "Ukimaliza kulia, hoteli zako zinangoja chai," akasema. "Mimi leo napeleka kwa wateja wangu, mtaa wa Kiandutu."

Mama Njoki akajipanguza uso, akafunga kitambaa upya, akasogeza baiskeli yake hatua moja, akangoja zamu yake.